Mikono Kwapani

Shemeji yangu ndiye mtu pekee ninayemjua aliyepata kazi kwa kutazama tumbo la samaki, na nusura aikose kazi hiyohiyo kwa sababu hiyohiyo. Nasema haya kama shahidi. Nilikuwa nimekaa nyuma ya boti, nimeshika mpini wa injini, na kama kuna anayebisha aje karakana kwangu tubishane.

Ni mke wa kaka yangu mkubwa, ambaye ni fundi cherehani. Jina alilopewa na wazazi wake analitumia hospitalini na shuleni kwa watoto. Kwingine kote ni Chapuchapu. Alilipata nyuma ya soko la samaki, kwenye zile meza za saruji ambako wanawake husimama na visu tangu asubuhi wakipasua samaki wa wateja. Alisimama pale miaka kumi na tisa. Ulikuwa ukimpa kambare, ukageuza shingo kumsalimia mtu, ukirudisha uso unamkuta kambare wako yumo mfukoni, amepasuliwa, ameoshwa, na Chapuchapu keshashika wa mtu mwingine. Nyumbani kwake ni hivyohivyo. Hujamaliza chai, kikombe kimeshaoshwa. Mara moja nilivua koti mlangoni pake, nikaingia kumsalimia kaka, nikatoka nikalikuta liko kwenye kamba linachuruzika maji, na kitambulisho changu kimo mfukoni.

Miaka kumi na tisa ya kupasua samaki humwachia mtu mgongo unaouma. Yeye ilimwachia mgongo unaouma na kitu kingine. Kila tumbo alilolifungua alilitazama. Hakukusudia, anasema, ni jicho tu. Akikuta konokono wadogo weusi, basi samaki huyo amekula kwenye mawe. Akikuta dagaa wachanga, ametoka penye matete. Akikuta wadudu wa nchi kavu na majani yaliyooza, huyo ni wa kule mto unakoingilia ziwani, na huko juu mvua imenyesha. Kisha alikuwa anamwuliza mvuvi, "Huyu umemtoa wapi?" na jibu analiweka kichwani pamoja na tumbo lake. Alikuwa hajapanda boti hata mara kumi tangu azaliwe, lakini ziwa alilijua kuliko sisi tunaoshinda juu yake. Sisi tulikuwa tunaona maji, yeye alikuwa anaona wanachokula walio chini.

Kwa muda mrefu hakuna aliyelijua hilo, hata mimi. Nilidhani ana wepesi wa mikono tu.

Aliyeligundua ni Mzee Daftari. Huyu mzee ana boti tatu za kupeleka wageni kuvua kwa fimbo: watu wa ofisini walio likizo, mapacha waliokutana baada ya miaka, wastaafu, wageni wa mbali wanaolipa wapate kuchomwa na jua. Tunamwita Daftari kwa sababu haamini jambo mpaka liandikwe. Gatini kwake, juu ya pipa, kuna daftari kubwa lenye jalada la kijani, na mgeni akishuka kwenye boti hapewi hata maji ya kunywa kabla hajaandika ameonaje. Ukimwambia Mzee Daftari kwamba mkeo amejifungua, atakuuliza umeandika wapi.

Mwaka ule wageni wake walikuwa wanarudi mikono mitupu, na maneno yaliyoandikwa kwenye daftari yalikuwa makali. Siku moja akaja sokoni mwenyewe, amenuna, akanunua kambare awapikie wageni kama kifuta machozi, akamkabidhi Chapuchapu ampasue.

"Mzee," Chapuchapu akamwambia bila kuinua uso, "huyu katoka kwenye mawe, karibu na lile banda la pampu ya zamani. Wageni wako unawapeleka kwenye matete wiki ya tatu sasa. Matete hayana kitu."

"Nani kakwambia?"

Chapuchapu akaligeuza tumbo la samaki kwa ncha ya kisu, konokono wakamwagika mezani. "Huyu hapa kaniambia."

Mzee alikunja uso, akaondoka. Lakini kesho yake aliwapeleka watu kwenye mawe ya pampu, wakarudi na samaki wanne, na keshokutwa asubuhi alikuwa amesimama mbele ya meza ya saruji, kofia mkononi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona mzee yule bila kofia. Ana upara.

Makubaliano yalikuwa mafupi. Boti ya tatu haikuwa na mwongozaji. Chapuchapu angepewa safari tatu za majaribio, na baada ya hapo mzee angesoma daftari. Likisema vizuri, boti ni yake kuiongoza. Likisema vibaya, wanaagana kwa heri, kila mtu anashika njia yake. Shida ni kwamba yeye hakuwa na njia ya kushika. Tangazo lilikuwa limebandikwa ukutani pale sokoni: meza za saruji zingevunjwa mwisho wa mwezi kupisha jengo jipya, na jengo jipya lingekuwa na mashine. Kaka yangu naye, tangu watu waanze kununua nguo zilizoshonwa tayari, cherehani yake ilikuwa inapumzika siku nyingi kuliko inavyoshona. Kwa hiyo zile safari tatu hazikuwa mchezo. Nyumba nzima ilikuwa imepanda boti ile.

Mimi niliitwa niendeshe injini, maana yeye hakujua kuiwasha. Ni injini kuukuu, ya kuvuta kamba, na ina vituko vyake. Alijaribu siku ya kwanza, akavuta mara mbili, ikakohoa. Nikamwambia, "Shemeji, toka hapo, utaniharibia," nikaivuta mimi, mara moja tu, ikawaka. Alijaribu tena siku nyingine, nikamtoa tena. Nilikuwa najisikia raha sana kuiwasha kwa mvuto mmoja mbele za watu. Sikatai.

Mgeni wa safari ya kwanza alikuwa mtu wa benki, kijana mwenye kofia mpya na miwani ya jua, aliyekuwa amengoja likizo yake miezi kumi. Chapuchapu alinielekeza hadi kwenye mawe, akaniambia nizime injini, akatia chambo kwenye ndoano kabla yule bwana hajamaliza kuuliza chambo ni nini. Fimbo ikarushwa. Kimya. Haikupita nusu saa, mshipi ukakazika, fimbo ikajikunja, na yule bwana akafungua mdomo aseme neno.

Sijui alitaka kusema neno gani. Nilichokiona ni kwamba fimbo haikuwa tena mikononi mwake. Ilikuwa mikononi mwa shemeji yangu, ambaye alizungusha kile kigurudumu cha mshipi kama anayesokota uzi, akaingiza wavu majini, akamtoa kambare mwenye urefu wa mkono wangu. Yule bwana akaanza kucheka kwa furaha, akainama kwenye begi atafute simu apige picha, kwa sababu alikuwa amepanga kumpiga picha samaki wake kisha amrudishe majini akiwa hai. Alituambia hivyo mwenyewe baadaye. Alipoinuka na simu, samaki alikuwa amelala kwenye ubao, tumbo wazi.

"Umeona?" Chapuchapu akamwambia, uso unang'aa, akimwonyesha kwa ncha ya kisu. "Kaa wadogo. Maana yake jana walikuwa upande ule wa pili. Sasa hivi tunahamia pale, utaona."

Yule bwana alitazama samaki, akatazama kisu, akatazama simu yake. Nami nilitazama injini, nikaona ina vumbi, nikaanza kuifuta.

Kwenye daftari aliandika mstari mmoja: *Nimekuja kumtazama mama huyu akivua.* Mzee Daftari aliusoma kwa sauti mara mbili, mara ya pili polepole.

Nilirudi nyumbani pamoja na Chapuchapu. Tulipofika kwenye kona ya duka la mkaa akasimama. "Shemeji, mimi sikujua kama nimeishika ile fimbo," akasema. "Nilikuja kujua samaki akiwa ndani ya boti." Nilimwamini. Mikono iliyofundishwa miaka kumi na tisa kwamba mteja asingojeshwe haiwezi kujua kwamba huyu mteja amelipa ili angoje.

Safari ya pili, kisu alikiacha nyumbani. Mgeni alikuwa daktari wa meno, mwanamke mtaratibu, anayeuliza maswali na kusikiliza majibu. Nikasema moyoni, huyu ni wetu. Chapuchapu alijikaza. Alimwachia daktari atie chambo mwenyewe, ingawa nilimwona anavyomeza mate. Alimwachia arushe fimbo mwenyewe, ikaenda ovyo, akamwachia arushe tena. Saa nzima alijikaza. Kisha samaki akavuta, daktari akasema "Oh," na kufumba na kufumbua fimbo ikawa imehama. Samaki alipotua ndani ya boti wote wawili waliiangalia ile mikono kama si ya mtu yeyote.

"Nisamehe, daktari," Chapuchapu akasema. Alikuwa karibu kulia.

"Mama," daktari akamjibu kwa upole, na upole ule uliuma zaidi kuliko tusi, "mimi nang'oa meno ya watu kila siku. Lakini kufungua mdomo namwachia mgonjwa mwenyewe."

Aliandika kwa hisani, yule daktari. Alisema mahali ni pazuri, mwongozaji anajua samaki walipo kuliko mtu yeyote aliyewahi kukutana naye, na kwamba angependa siku moja kuvua. Mzee Daftari hakuhitaji kusoma mara mbili. Alifunga jalada la kijani, akasema, "Imebaki moja," akaingia ofisini kwake.

Kati ya safari ya pili na ya tatu zilipita siku tisa. Siku ya sita nilipita kwa kaka asubuhi kumrudishia bisibisi. Nikakuta jambo ambalo sijalisahau.

Chumba chao cha mbele ni kidogo: cherehani dirishani, meza ya kukatia nguo, kochi moja, na vipande vya vitambaa kila mahali. Mtoto wao wa mwisho, binti wa darasa la kwanza, alikuwa amesimama katikati ya chumba anafunga vifungo vya shati la shule. Vifungo vitano. Alikuwa ameanza na cha pili kwenye tundu la kwanza, kwa hiyo shati lilikuwa limepanda upande. Aligundua, akafungua vyote, akaanza upya. Mama yake alikuwa ameegemea ukuta, mikono ameitia kwapani, ameibana kwelikweli, jasho linamtoka mbele ya pua. Saa ya ukutani ilikuwa inasema mtoto amechelewa.

Nikasogea nimsaidie mtoto. Akarudi nyuma hatua moja. "Baba mdogo, usinishike," akasema. "Mama anajifunza."

Kaka yangu alikuwa ameinamia cherehani anafa na kicheko kimyakimya. "Wiki nzima ndiyo hali yetu," akaniambia. "Jana nimetunga uzi kwenye sindano mara saba, miwani sijui iko wapi, na mke wangu kasimama hapo ananitazama kama polisi. Chungwa namenya mwenyewe. Kikombe naosha mwenyewe. Hii kazi ya uvuvi itanifanya niwe mtu mzima."

"Cheka tu," Chapuchapu akasema. Hakuwa anacheka. "Shemeji, wewe unadhani ni rahisi? Kila kitu nikikiona kinafanywa polepole, kinaniwasha hapa." Akaonyesha viganja vyake, kisha haraka akavirudisha kwapani.

Ule ndio wakati nilioanza kumheshimu kwa namna nyingine. Nimewaona watu wengi wakijifunza kazi. Kujifunza kufanya kitu ni jambo la kawaida. Sikuwahi kumwona mtu mzima wa miaka thelathini na minane akijifunza kutofanya, tena kitu anachokiweza kuliko wote. Mtoto alimaliza cha tano. Mama yake akashusha pumzi kama aliyetua ndoo, wakatoka mbio kuelekea shule.

Mgeni wa safari ya tatu alikuja na binti yake. Alikuwa mzee, fundi saa, amestaafu baada ya kuzitengeneza miaka arobaini katika kiduka kisichozidi upana wa kitanda. Sasa alikuwa na ugonjwa wa kutetemeka. Mikono yake haikutulia hata dakika moja. Ilikuwa ikicheza juu ya magoti yake bila yeye kuitaka. Binti alikuwa mwanamke wa makamo, amebeba mkoba wa dawa, chupa ya maji, kofia ya akiba na taulo. Alimvisha babake jaketi la kujiokolea, akamfungia mikanda, akamweka kofia, akaishusha kidogo, akaipandisha, akamfuta mdomo. Mzee aliviruhusu vyote hivyo akitazama maji.

Kisha binti akamvuta Chapuchapu pembeni, karibu na injini, kwa hiyo nilisikia.

"Dada, mimi sina mambo mengi. Baba anataka kuona samaki kabla hajazidiwa. Mvulie wewe. Ukishampata, mshikishe fimbo nipige picha, basi. Nitakuandikia vizuri sana kwenye hicho kitabu. Nimesikia wewe una mkono mwepesi."

Jamani. Nilitaka kumbusu yule mama. Safari ya mwisho, na tunaombwa jambo lile lile ambalo shemeji angelifanya hata akiwa usingizini. Nikamkonyeza: kazi ndiyo hii, imeletwa mpaka mlangoni.

Chapuchapu hakuniangalia. Alikwenda akachuchumaa mbele ya mzee. "Mzee wangu," akasema, "niulize kitu. Unataka samaki, au unataka kuvua?"

Mzee alichukua muda kujibu. Midomo yake nayo ilikuwa inachelewa. "Samaki nimewala sana," akasema.

"Haya." Chapuchapu akainuka, akampa chambo na ndoano mkononi, akakaa kwenye ubao ulio nyuma yake. Mikono akaitia kwapani, ndani ya matundu ya jaketi lake, akaibana.

Nikasema kimoyomoyo, kazi imekwenda.

Kutia kile chambo peke yake kulichukua muda ambao ningeweza kufungua plagi zote mbili za injini, kuzisafisha na kuzirudisha. Kilianguka mara tatu. Mara ya pili ndoano ilimchoma kidole, tone la damu likatoka, binti akaruka na taulo. "Ngoja kwanza, dada," Chapuchapu akamwambia, taratibu, bila kutoa mikono. Alipokuwa anamwelekeza mzee alitumia maneno machache kuliko nilivyodhani anayo. "Kidogo kushoto. Hapohapo. Sasa acha iende." Fimbo iliporushwa mara ya kwanza, ndoano ilishika kofia yangu. Mzee alicheka. Mimi pia nilicheka, ingawa ile kofia ilikuwa mpya.

Jua lilipanda. Tulihama mara moja, kutoka kwenye mawe hadi mdomo wa mto, kwa sababu Chapuchapu aliona majani yanaelea, na huko samaki akavuta.

Alikuwa mkubwa. Nilijua kwa jinsi boti yenyewe ilivyogeuza uso. Mzee alishika fimbo kwa mikono miwili, ikatetemeka pamoja naye, kigurudumu kikalia. Alizungusha, kikamtoroka, akazungusha tena. Binti akasimama. "Mshikie, dada. Mshikie, ataanguka." Chapuchapu akasogea, na mimi nikajua sasa ndipo. Lakini hakuigusa fimbo. Alipiga magoti nyuma ya mzee, akamwegemeza mgongo kwa bega lake ili asiyumbe, na mikono yake bado imo kwapani. Nilikuwa namwona usoni. Alikuwa ameuma midomo, macho ameyafumba, kwa sababu nadhani angeyafungua mikono ingechomoka.

"Polepole, mzee wangu," alikuwa anasema kila mara. "Una siku nzima. Akivuta, mpe. Akichoka, chukua."

Ilikuwa robo saa, au nusu, siwezi kuapa. Mwisho yule kambare akaja juu kando ya boti, kichwa kipana, ndevu zake zimelala juu ya maji. Chapuchapu alitoa mkono mmoja, akachukua wavu. Hiyo ni kazi ya mwongozaji, hakuna ambaye angemlaumu.

"Niachie," mzee akasema.

Akampa wavu.

Mzee aliushusha majini kwa mkono wa kulia, fimbo kwa wa kushoto. Wavu ulicheza, ukingo wake ukamgonga samaki kichwani, samaki akajipinda mara moja tu, mshipi ukakatika. Maji yakafunga. Basi.

Binti aliketi. "Si nilikwambia?" akamwambia Chapuchapu. "Nilikuomba kitu kimoja tu. Alikuwa ameshafika hapa. Ungenyoosha mkono tu." Machozi yalikuwa yanamlengalenga Chapuchapu, na najua alikuwa anaziona zile meza za saruji zikivunjwa. Nilimwonea huruma, na nilimkasirikia pia, sioni sababu ya kuficha.

Mzee alikuwa bado ameinama anatazama mahali samaki alipozamia. Alipogeuka, tulishangaa. Alikuwa anatabasamu mpaka ufizi.

"Mnajua tangu lini sijapoteza kitu?" akasema. Ilibidi tungoje maneno yamtoke. "Tangu nianze kuumwa. Hakuna anayeniachia hata kikombe nikivunje." Akaitazama mikono yake inayocheza, si kwa uchungu. "Leo nimempoteza samaki mkubwa namna ile. Mimi mwenyewe."

Binti akageuza uso upande wa nchi kavu mpaka tulipofika.

Mzee Daftari alikuwa anatungojea gatini, daftari wazi juu ya pipa. Binti akachukua kalamu. "Nitaandika mimi," akasema, na kwa uso aliokuwa nao nilijua atakachoandika. Baba yake akanyoosha mkono wake, ukacheza hewani mbele yake, ukaendelea kucheza. Binti akautazama. Kisha akamtazama Chapuchapu, aliyekuwa amesimama kwenye ukingo wa gati, mikono kwapani. Sijui aliona nini. Aliiweka kalamu kwenye kiganja cha babake, akarudi nyuma hatua moja.

Boti nyingine iliingia, ikafungwa, watu wakashuka, fundi saa bado anaandika. Alipomaliza, Mzee Daftari alivaa miwani, akaligeuza daftari upande huu, akaligeuza upande ule. Herufi zilikuwa zimetapakaa ukurasa mzima, nyingine zimepanda juu ya nyingine. Alisoma kwa sauti, neno moja moja.

*Samaki kanitoroka mimi. Jumamosi narudi kumfuata. Namtaka mwongozaji huyu huyu.*

"Hakupata samaki?" Mzee Daftari akauliza.

"Hakupata," nikasema.

"Na anarudi?"

"Si umesoma mwenyewe, mzee. Imeandikwa."

Mzee Daftari alivua kofia, akajikuna upara, akaivaa tena. Katika kurasa zote zile, akasema, hakuna aliyewahi kuandika kwamba anarudi kwa sababu amekosa. Akafunga jalada. "Boti ya tatu ni yako," akamwambia Chapuchapu. "Ila mwongozaji wangu huwasha injini yake mwenyewe. Siwezi kuwalipa watu wawili kwenye kiti kimoja." Akaingia ofisini, kana kwamba hakusema chochote cha maana.

Chapuchapu aliketi chini palepale gatini akalia. Alilia chapuchapu vilevile, akamaliza, akajifuta kwa ukosi wa jaketi.

Jumamosi nilifika gatini mapema, sijui kwa nini, maana sikuwa na kazi pale. Mzee fundi saa alikuwa ameshakaa ndani ya boti, mikanda ya jaketi lake ameifunga mwenyewe, mmoja umepinda. Binti yake alikuwa amebaki juu ya gati na mkoba wa dawa begani. Mke wa kaka yangu alisimama nyuma ya boti, akakanyaga vizuri, akashika kamba ya injini, akavuta. Ikakohoa. Akavuta tena, kimya. Akavuta mara ya tatu, ya nne, harufu ya petroli ikaanza kupanda, na mimi nilijua kabisa kinachomsumbua: choki, ile ya kupitishia hewa, imefungwa sana, ni ya kusogeza kwa kidole kimoja tu. Nikaweka mguu mmoja ndani ya boti.

Akageuza uso akaniangalia.

Nikautoa mguu. Viganja vilikuwa vinaniwasha mpaka kwenye viwiko. Mara ya tano haikuwaka. Akasimama kidogo, akainama, akaitazama injini kama anavyotazama tumbo la samaki, akaisogeza choki kidogo kwa kidole. Mara ya sita ikaitika, ikanguruma, mzee akapiga makofi yake yanayokosana, na boti ikageuza uso kuelekea mdomo wa mto.

Nilipomwangalia binti yule, nilimkuta ameitia mikono yake kwapani, ameibana. Nilitaka kumcheka, ndipo nikajiona na mimi nimeitia yangu. Tulisimama vivyo hivyo mpaka mlio wa injini ukaisha masikioni mwetu.